Msemaji wa Selpher

Selpher anaweza kukuuzia sweta ya mtoto hata kama huna mtoto. Miaka kumi na mmoja aliuza mitumba pale soko la Muthurwa, na sijasikia mteja aliyewahi kumshinda kwa mdomo. Lakini mpe simu, mwambie upande wa pili kuna mtu mkubwa, daktari au mwalimu mkuu au mtu wa bima, utamhurumia. Ulimi wote ule unakuwa ubao. Atasema "eeh," atasema "sawa," atasema "asante sana," kisha atakata na kubaki akijiuliza ameambiwa nini.

Wala usimcheke. Huku kwetu Eastlands, Nairobi, watu wa namna hiyo ni wengi, ndiyo maana kila ploti, yaani kila ua wa nyumba za kupanga, ina msemaji wake. Kwenye ploti ya Selpher, kule mtaa wa Tena, msemaji ni Ondiek, karani mstaafu mwenye suti mbili na sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Maji yakikatika, Ondiek anapiga simu. Mtoto akifukuzwa shule, Ondiek anapiga na kujiita mjomba. Hadai hata shilingi. Malipo yake ni kusikilizwa: anaketi kwenye benchi nje ya mlango wake, anaweka simu kwenye spika, na ghafla akina mama wote wanakumbuka wana nguo za kufua pale bombani.

Selpher alikuwa na sababu ya kumheshimu kuliko wengine. Siku alipovunjwa mguu, alilala kwenye korido ya hospitali tangu asubuhi hadi jioni bila mtu kumtazama, mpaka Ondiek alipofika na suti yake na ile sauti. Kabla ya usiku akawa amepata kitanda na daktari. Mtu akikutendea hivyo, humsahau.

Mguu wenyewe ulivunjwa na gari la kampuni moja ya kuuza maji ya chupa. Lilirudi nyuma bila hata honi, pale wachuuzi wa Muthurwa wanapopenya kuvuka, likambana Selpher kwenye ukuta. Akawekewa chuma. Chuma hicho sasa kimelegea, na daktari amesema lazima kitolewe na mfupa ufungwe upya, la sivyo atachechemea hadi kaburini. Siku hizi amekaa na cherehani kando ya lango la ploti, anapunguza suruali na kukunja pindo za mapazia ya watu. Si kazi mbaya, lakini Selpher hakuumbiwa kukaa. Alichotaka ni kimoja tu: kampuni ile imtengenezee mguu wake, arudi kusimama sokoni.

Utauliza, alikuwa wapi muda wote huo? Alikuwa anaambiwa atulie. Mtu wa bima alikuwa akimpigia kila baada ya miezi miwili, sauti tamu kama uji wa mgonjwa. "Mama, tulia, faili yako iko mezani." Selpher akijibu eeh, sawa, asante sana. Mpaka siku moja namba hiyo ikawa haipatikani tena, na faili na meza vikaenda nayo.

Aliyemzindua ni Falis, mwenye duka la vitambaa, ambaye humletea mapazia ya wateja wake akunje. Falis alimwandikia kwenye kipande cha karatasi namba ya wakili anayeitwa Leyla, mwenye ofisi Buruburu. "Piga, usiogope," alimwambia. "Ni mtu wa watu."

Usiogope! Rahisi kusema. Selpher alikaa na kile kikaratasi ndani ya sidiria siku nne, na Jumanne saa kumi jioni akakipeleka mahali ploti nzima hupeleka vikaratasi vya namna hiyo.

"Mama Lorine, umefanya vyema," Ondiek akamwambia, akimwita kwa jina la bintiye na kuvaa miwani. "Hawa watu wana lugha yao." Akapiga kwa simu yake mwenyewe, maana spika ya simu ya Selpher ilikuwa ikikwaruza.

Akapokea msichana, akajitambulisha kama Vivian, karani wa wakili. Ondiek akakohoa kidogo, akaanza. Yeye alikuwa kaka mkubwa wa mlalamikaji. Mlalamikaji alikuwa mjane mcha Mungu. Alikuwa akivuka barabara kwenye kivuko cha zebra, kwa utaratibu, akiwa ametazama kulia na kushoto, ndipo lile gari likamvamia. Selpher alikunja uso. Zebra gani? Pale hapana zebra wala ndugu yake. Lakini akina mama bombani walikuwa wakitikisa vichwa kwa uchungu, na hata yeye mwenyewe alianza kumwonea huruma huyo mjane.

"Ajali ilitokea lini?" Vivian akauliza.

"Mwaka jana," Ondiek akajibu bila kusita. "Tarehe ishirini, mwezi wa tisa."

Selpher akafungua mdomo. Ondiek akainua kiganja, kile kiganja chake cha kunyamazisha mkutano, na Selpher akaufunga.

"Basi hakuna haraka," Vivian akasema. "Muda bado upo. Wakili atamwona mwezi ujao, tarehe kumi na tano. Asije kabla ya hapo, kwa sababu mchana wakili huwa kortini."

Simu ilipokatwa, watu walipiga makofi. Naapa, makofi!

"Baba Millie," Selpher akamwambia Ondiek kwa sauti ya chini, "mbona umesema mwaka jana? Mwaka huu ni wa tatu."

Ondiek akavua miwani, akamtazama kama mwanafunzi mzito. "Mama Lorine, ungependa kununua samaki wa leo au wa juzi? Ukimwambia wakili miaka mitatu, swali la kwanza ni ulikuwa wapi. Mpe kitu kibichi. Hayo mengine mtayarekebisha mkishakaa chini."

Ilisikika kama busara. Kila kitu kwa sauti ile husikika kama busara, na hilo ndilo tatizo lake. Selpher akashukuru, akaenda kulala, lakini usingizi haukuja. Maneno ya yule msichana yalimkaa kichwani. Muda bado upo. Kwani muda huo huisha?

Asubuhi ya Jumatano alikunja pazia moja mara tatu na mara tatu akalifumua. Kuuliza si ujinga, akajiambia, na Falis alipokuja kuchukua mapazia yake, akamuuliza.

Falis alishtuka, akaweka mfuko chini. "Kwani hukujua? Kesi ya ajali ina miaka mitatu, Selpher. Ikipita siku moja, huna kesi. Binamu yangu Hirad alichelewa wiki mbili na mkono wake umekufa. Korti haikutaka hata kuuona." Akamkazia macho. "Wewe uliumia lini?"

Selpher alichechemea hadi chumbani, akatoa bahasha chini ya godoro, akasoma ile karatasi ya polisi. Tarehe ishirini, mwezi wa tisa, na mwaka. Akahesabu kwa vidole kana kwamba vidole vingempunguzia. Leo ilikuwa tarehe kumi na nane. Siku ya mwisho ilikuwa keshokutwa, Ijumaa, na huyo msemaji wake alikuwa amempangia kumwona wakili mwezi ujao.

Alikwenda moja kwa moja kwa Ondiek, akamkuta anapiga pasi shati, akamweleza. Ondiek alisikiliza huku pasi ikienda na kurudi.

"Maneno ya dukani," akasema mwishowe. "Serikali haiwezi kuweka sheria ya kumnyima mlemavu haki. Nimefanya kazi ofisini miaka thelathini, Mama Lorine."

"Tupige tu, tuwaambie tarehe ya kweli."

"Tuwaambie nini? Kwamba mimi ni mwongo?" Pasi ikasimama. "Nimejitambulisha kwa jina langu. Kwenu posa zikijadiliwa, msemaji akishatoa neno, bibi arusi hutoka chumbani akasema mzee amekosea? Nenda ukapumzike. Nitajua la kufanya."

Na hapo ndipo alipomkamata, maana ni kweli. Kwao Selpher, kule Bungoma, msemaji akishasimama mbele ya wageni, neno lake ndilo neno la nyumba nzima, liwe tamu au chungu. Ukimpinga hadharani umemvua nguo. Na huyu alikuwa Ondiek, aliyemtoa kwenye korido. Selpher akarudi kwenye cherehani yake amefura kwa hasira, na hasira yenyewe haikujua imwangukie nani.

Usiku huo pia hakulala. Kulipambazuka amekaa kitandani na simu mkononi, akirudiarudia maneno. Mimi naitwa Selpher. Tarehe tuliyowapa si ya kweli. Mimi naitwa Selpher. Maneno manane tu, jameni! Mtu aliyeuza sweta Januari yenye jua kali!

Saa mbili na nusu Alhamisi akapiga. Alikosea namba mara mbili kabla ya kuipata.

"Ofisi ya wakili, Vivian hapa."

"Mimi naitwa Selpher," akasema, na papo hapo ulimi ukawa ubao.

"Ah, mama wa ajali! Yule aliyepigiwa na kaka yake?"

"Eeh."

"Kuna jambo?"

"Eeh. Ni... ni la haraka kidogo."

"Wakili yuko kortini. Akitoka tutakupigia, sawa? Namba yako ninayo hapa kwenye kitabu."

"Sawa," Selpher akasema. "Asante sana."

Simu ikakatika. Selpher akajipiga kofi la paja, kwenye ule mguu usioumia. Mjinga wewe! Mjinga! Lakini angalau wangepiga. Msichana amesema watapiga.

Basi ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Selpher liliumia siku hiyo. Aliweka simu juu ya cherehani, mbele ya pua yake. Hakwenda msalani. Hakunywa chai ili asihitaji kwenda msalani. Saa nne ikalia, akairukia: tapeli, anamwambia ameshinda gari. Selpher alimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, kisha akaogopa kwamba labda wakili alikuwa akijaribu kupiga wakati uleule na kukuta laini ina mtu. Saa sita ikalia tena: bintiye Lorine kutoka Thika, anataka kumsalimu tu. "Kata, kata, nitakupigia!" Lorine akakata, akidhani mamake amepatwa na wazimu. Saa saba, kimya. Saa nane, kimya. Kila dakika alikuwa akigusa kioo kuona kama simu bado iko hai. Alishona mguu mmoja wa suruali ya mtu ukawa mfupi kuliko mwenzake, akaona, akaacha hivyohivyo.

Saa kumi na nusu Ondiek akatoka nje, ameoga, anatabasamu.

"Mama Lorine, pumua sasa. Nimeyamaliza."

"Umeyamaliza nini?"

"Ofisi ya wakili ilinipigia saa nane. Wanauliza eti kuna jambo la haraka? Nikawaambia hapana, mama ana wasiwasi tu, si mnajua maumivu yanavyosumbua akili. Tarehe ni ileile niliyowapa. Wamefurahi sana."

Ndipo Selpher akaelewa. Namba iliyo kwenye kitabu! Jumanne walipiga kwa simu ya Ondiek, na namba aliyokuwa nayo Vivian ilikuwa ya Ondiek. Siku nzima amekaa akikodolea macho simu ambayo hakuna mtu aliyekuwa na nia ya kuipiga.

"Umeniua," akasema.

"Mimi? Mimi niliyekutoa kwenye korido?"

"Wewe huyo. Ulinitoa kwenye korido, na leo umenirudisha." Sauti ilikuwa imepanda bila yeye kujua, na mabeseni bombani yakanyamaza. "Mguu ni wangu, Baba Millie! Si wako! Wewe ukimaliza kuongea unaingia ndani na miguu yako miwili!"

Akanyakua simu, akapiga palepale, amesimama, ameshika cherehani kwa mkono mmoja. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika. Ilikuwa karibu saa kumi na moja. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Mama, tumefunga ofisi, piga kesho asu—"

"Usikate! Haki ya Mungu, binti yangu, usikate! Ukikata umenizika. Mimi ni Selpher wa ajali, na siyo mwaka jana. Ni mwaka wa tatu. Kesho ndiyo siku ya mwisho, karatasi ya polisi ninayo hapa, inasema tarehe ishirini. Na hakukuwa na zebra. Nilikuwa navuka pale wachuuzi wote wanapovuka, bunda langu la nguo likaanguka, nikarudi kuliokota, lile gari likaja kinyumenyume bila honi na kunibana kwenye ukuta, na dereva alitoka, akaniangalia, akapiga simu kwanza kwa bosi wake kabla hajasogeza gari. Nilihesabu, binti yangu. Nilihesabu mpaka mia moja na arubaini nikiwa nimebanwa. Hayo ndiyo maneno yangu. Hayo mengine yote sikuyasema mimi."

Selpher akatazama kioo, akidhani amekatiwa.

"Mama Selpher," ikaja sauti nyingine, nzito kidogo, ya mwanamke mtu mzima. "Mimi ni Leyla. Vivian ameweka spika, nimesikia yote. Ni nani aliyetuambia mwaka jana?"

Ploti nzima ilikuwa imemgeukia Ondiek. Ondiek alikuwa ameganda kwenye benchi yake, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza Selpher aliona kwamba amezeeka.

"Aliyesema alisema kwa ajili yangu," Selpher akajibu. "Kwa hiyo andika ni mimi. Lakini ilikuwa uongo, wakili."

"Kesho saa moja na nusu uwe mlangoni kwangu. Lete kila karatasi uliyo nayo, hata kama unadhani haina maana."

Selpher alipoteremsha simu, Ondiek alikuwa ameshasimama. "Shukrani ya punda," akasema, si kwa sauti yake ya habari. Akaingia ndani na kufunga mlango. Hakuna aliyepiga makofi.

Ijumaa Selpher alifika Buruburu kabla ya Vivian mwenyewe, akamngoja ngazini. Wakili Leyla aligeuka kuwa mwanamke mfupi mwenye macho makali, asiyepoteza muda kupoza mtu. Alimhoji saa mbili nzima. Dereva alivaa nini? Ukuta ulikuwa wa nini? Nani alikuona? Walipofika kwenye lile bunda lililoanguka, akaweka kalamu chini.

"Hapo watakulaumu. Watasema ulirudi barabarani kwa hiari yako. Korti inaweza kukukata sehemu ya haki yako."

"Basi tusiliseme?"

"Tutalisema. Dereva atalisema, tupende tusipende, na njia ya mwongo ni fupi. Ukilificha, hata mguu wako hakimu atauona wa uongo."

Selpher akaitikia kwa kichwa. Afadhali nusu ya kweli yake kuliko zebra nzima ya Ondiek.

Siku hizi kesi hufunguliwa kwa mtandao, na mtandao nao una tabia zake. Saa tano karatasi zilikuwa tayari. Saa sita Vivian akabonyeza kutuma, na kale kaduara kakaanza kuzunguka kwenye kompyuta. Kakazunguka. Saa saba bado kanazunguka. Vivian akazima, akawasha, akaanza upya. Wakili akapiga simu kortini, simu ya korti haikupokelewa, akapiga tena. Selpher alikaa kwenye kiti cha plastiki akikatazama kale kaduara mpaka macho yakamwasha, akiomba kwa Kibukusu, lugha ya kwao, kimoyomoyo, sala za marehemu mamake. Kwamba aseme ukweli wote mbele za watu, amvunje Ondiek moyo, kisha ashindwe na kaduara! Mungu hawezi kuwa mkali kiasi hicho.

Saa tisa kasoro dakika nane Vivian akapiga kelele mpaka watu wa ofisi ya jirani wakachungulia. Imeingia! Kesi ilikuwa imepewa namba.

Selpher alilia, kamasi na yote, na wakili akamsogezea karatasi za kujifuta. "Usilie sana," akamwambia. "Hatujashinda. Tumeingia mlangoni tu. Inaweza kuchukua miaka miwili, hata zaidi."

"Miwili si kitu," Selpher akasema.

Jioni alirudi Tena, mguu umevimba kama mkate. Akina mama wakamzunguka langoni, imekuwaje, imekuwaje, lakini yeye akawapita. Akaenda hadi mlango wa Ondiek. Ulikuwa umefungwa, na ndani redio ilikuwa inasema. Akabisha. Redio ikaongezwa sauti.

"Baba Millie, ni mimi."

Redio ikaongezwa tena.

"Sikuja kuomba msamaha," Selpher akasema, mdomo umekaribia mbao. "Nilikuwa na haki. Lakini hospitalini usingekuja ningekufa, na hilo nalo ni kweli, na nimemwambia wakili liandikwe. Kesi imeingia. Saa tisa kasoro imeingia. Nimeona ni vibaya ulisikie bombani."

Akangoja. Mguu ulikuwa ukimwuma hata akaegemea ukuta. Alikuwa ameshageuka aondoke wakati redio ilipozimwa.

"Umekula?" ikauliza sauti kutoka ndani.

"Sijala tangu jana."

Komeo likasogezwa. Ondiek alikuwa amesimama na fulana tu, bila suti, bila miwani, mwiko wa ugali mkononi.

"Ingia, ukae," akasema. "Lakini usinisimulie ulivyojieleza huko, Mama Lorine. Nitaanza kukurekebisha."